Vitu Vilirudi Kabla ya Ijumaa

Maputo, 6 Machi 2012

Kwa shangazi yangu Bi Mwanawetu,

Shikamoo. Naanza kwa kukuulizia mgongo wako, na macho, na lile jino uliloapa hutaling'oa mpaka liombe lenyewe. Mimi sijambo. Mvua za huku hazina adabu, nguo hazikauki, na chumba changu kinanuka kama kapu la samaki wa juzi. Baba alinipigia simu kutoka Nampula, anasema hajambo, na anasema pia dada yake Mwanawetu hampokelei simu. Nimemwambia humpokelei mtu. Domingas anasafiri kesho na mzigo wake wa nguo, ndiye atakayekufikishia barua hii na uzi wa cherehani. Rangi zote ulizotaka nimezipata, isipokuwa ile ya majani ya mchicha, haipo mji mzima.

Sasa nikuambie jipya langu. Nimepata nafasi ya mestrado, shahada ya pili, shangazi. Nasomea elimu ya uhalifu: kwa nini watu wanavunja sheria, na wenzao wanafanya nini wakishaivunja. Usicheke kwanza. Mwalimu wangu, Doutor Inácio, anasema wasomi wa dunia wamechoka kuandika juu ya polisi na magereza. Siku hizi wanauliza jinsi watu wanavyomaliza mambo yao bila mahakama, mkosaji akarudisha alichochukua na mtu asifungwe. Wanaiita haki ya kurejesha. Darasani alileta mifano ya visiwa na nchi ambazo hata kwenye ramani nilizitafuta, nikainua mkono nikasema, kwetu ipo. Nikawasimulia kichwa cha cherehani yako kilivyoibwa na kilivyorudi. Darasa zima liligeuka kunitazama. Nilifurahi, nakuambia kweli.

Basi niandikie, kwa raha yako, albadiri inakwendaje toka mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba unamweleza mtu ambaye hajapata kuisikia. Je, imesomwa karibuni, tangu hawa watu wa gesi waingie? Na mwanao Muzamil bado yuko na hao wapimaji wao wa ardhi? Mwambie dada yake anamuulizia. Yeye angenisaidia sana, maana yuko ndani kabisa.

Mwanao uliyemlea,
Haula

*

Mocímboa da Praia, 11 Aprili 2012

Kwa Haula, mwana wa kaka yangu,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa ajili ya uzi. Jino liliomba, nimeling'oa. Mgongo bado unajadiliana nami. Huku tu wazima, ila mji umejaa wageni. Nyumba ya nyuma ya uwanja imepangwa na Mzungu anayelala na taa zote zinawaka. Bandarini kila kukicha yanashushwa mabomba na makontena, na helikopta inapita juu ya bati langu saa ya adhuhuri mpaka nasahau niko rakaa ya ngapi. Wote wanasema gesi, gesi, na mimi bado napikia mkaa.

Kabla sijakujibu nikuulize. Tulikupeleka ukasomee ualimu. Uhalifu umeingilia mlango gani? Msichana mzima, mchana kutwa anawaza wezi. Atakayekuja kukuposa atakuta nini kwako, kesi? Haya, nimesema, nimenyamaza.

Unajua kwa nini nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, na hizo za kizungu nazijua. Simu ina masikio, na barua inapita mikono mingi. Huko uliko, herufi hizi nani mwingine anazisoma? Nilikufundisha mwenyewe, kwa fimbo na mkeka, nisikose mtu wa kusema naye. Kwa hiyo yatakayoandikwa humu yakae humu.

Kitu kikiibwa, mwenyewe haendi polisi. Anamwendea shehe, na shehe anatangaza baada ya sala ya Ijumaa: kitu fulani cha fulani kimepotea, aliyekichukua akirudishe, kisiporudi mpaka Ijumaa ijayo itasomwa albadiri. Hatajwi mtu, hata kama msikiti mzima unamjua. Ikishasomwa hairudi nyuma. Inamfuata aliyechukua, na aliyeficha, na aliyejua akanyamaza. Tumbo linajaa maji, akili inahama. Nimeona kwa macho yangu. Ndiyo maana kitu kinarudi. Kinawekwa kwenye kizingiti cha msikiti watu wakiwa wamelala, kimefungwa mkekani au guniani, na alfajiri muadhini anakipeleka kwa mwenyewe. Neno limekwisha hapo. Hakuna kuuliza nani. Anayeuliza nani, yeye sasa ndiye mkosaji, maana anafungua kilichofungwa. Hilo ndilo kofi nililokupiga mdomoni siku kichwa cha cherehani kiliporudi, ukauliza mbele za watu. Naona halikuingia.

Umeuliza kama imesomwa karibuni. Haikusomwa, ilitangazwa tu. Mwezi wa pili, kambi ya wapimaji iliyo njia ya Mbau iliibiwa masanduku ya vyombo vyao vya kusikiliza ardhi, na waya mwingi. Msimamizi wao, Faustino, mtu wa Pemba, ana akili yule. Alimwendea Shehe Atumane kabla ya polisi. Shehe akatangaza. Vijana wa msikiti mpya walicheka, wakasema mambo haya hayamo katika dini, na hao hao Alhamisi walilala wamefunga milango kwa komeo mbili. Vitu vilirudi kabla ya Ijumaa, vyote, hata waya ulikuwa umekunjwa vizuri. Faustino akatoa mbuzi, tukala.

Muzamil hayuko tena na wapimaji. Kazi iliisha. Amekwenda Pundanhar kwa shemeji yake, analima ufuta. Usimsumbue.

Mimi shangazi yako,
Mwanawetu

*

Maputo, 20 Mei 2012

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nashukuru jino limetoka salama. Huku baridi imeanza, nimenunua blanketi la mitumba lenye picha ya simba, ungeliona ungenicheka mpaka ukae chini. Nilikuwa na mafua, yamepita. Baba anasema utampokelea simu lini?

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko vitabu vyangu. Kofi nalo nalikumbuka, nilitafuna upande mmoja kutwa nzima.

Lakini mambo yamegeuka kidogo. Doutor Inácio amerudi kutoka mkutanoni nchi za nje na fikra nyingine. Usomi nao una mitindo, shangazi, kama mashati ya sikukuu unayoshona. Mwaka juzi kila mtu aliandika juu ya magereza, mwaka jana juu ya haki ya kurejesha, na mwaka huu wote wanaikimbilia miradi mikubwa: migodi, bandari, gesi. Nani anaiba pembeni ya mradi, kwa nini, watu wanamwogopa nani, ulinzi ukae wapi. Wanachora hata ramani za uhalifu, nyekundu hapa, njano pale. Ukibaki na mtindo uliopita hupati pa kuchapisha, wala wa kukugharamia. Albadiri yetu haikutupwa, usiwe na wasiwasi. Itakuwa sura moja. Ila sasa anataka kisa kimoja kilichokamilika, na kisa cha kambi ya njia ya Mbau kimempendeza mno.

Kwa hiyo nina maswali machache. Aliyechukua alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa kibarua wa kambi aliyeachishwa kazi, labda kwa hasira? Sitaki jina. Sisi hatuandiki majina kabisa, tunaandika mshiriki namba fulani. Nipe umri, kazi yake, na anakokaa. Inatosha.

Kuhusu Muzamil, nimeshangaa. Shemeji yake wa Pundanhar si alihamia Montepuez mwaka ule wa harusi ya Laila? Na Muzamil na jembe wamepatana lini? Huyu ndiye aliyejifunga bandeji mguuni ili asiende shamba. Nisalimie sana, popote alipo.

Mwanao,
Haula

*

Mocímboa da Praia, 3 Julai 2012

Kwa Haula,

Salamu zako zimefika. Mimi mzima. Watu wote ni wazima.

Barua yako ilifika imefunguliwa pembeni na kubandikwa tena. Domingas anaapa kwa mama yake kwamba si yeye. Sikumwamini na sikumkatalia.

Nakuuliza maneno mawili na unijibu. La kwanza, nani anakulipia? Chuo hakijapata kumlipa mtu amuulizie Mwanawetu habari za mji wake. La pili, herufi zangu unamsomea nani? Umeandika kwamba kisa kimempendeza mwalimu wako. Kilimfikiaje kikampendeza? Mimi sikumwandikia mwalimu wako. Sijui hata ni mtoto wa nani.

Unasema hutaki jina. Unataka umri, kazi na anakokaa. Hayo matatu yakipatikana, mwanangu, jina linabaki la kazi gani? Nilikuambia haliulizwi, na nilikuambia kwa nini, na bado unauliza kwa adabu na salamu na blanketi la simba. Nimeanza kukuogopa. Sikudhani siku moja nitaliandika neno hilo juu yako.

Basi chukua, uniache. Wanasema ni fundi redio wa Mbau. Kijana bado, mkewe amemwacha. Alitaka waya. Ndiyo hayo, sina zaidi, na usiniulize tena habari za kambi ile mpaka nife.

Muzamil anakusalimu. Yuko Mtwara, anamsaidia mtu dukani.

Mwanawetu

*

Maputo, 29 Agosti 2012

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na Idi iliyopita uipokee kwangu ingawa imechelewa. Natumaini mlikula vizuri. Mimi nilipika biriani, ikawa uji, wenzangu wa chumba wakala kwa heshima tu.

Nimekutumia kanga doti moja na dawa ya kuchua mgongo. Dawa inawasha, usiguse macho.

Ahsante kwa yale uliyoniandikia. Kisa sasa kimekamilika, na kazi imepokelewa vizuri sana, hata imewekwa katika ripoti kubwa ya Doutor Inácio yenye jalada zuri. Mwezi ujao tunakwenda Pemba kuisoma mbele ya watu. Nitakuwa karibu nawe na sitaweza kufika, ratiba si yangu. Naomba usinikasirikie.

Yale maneno mawili tutazungumza tukionana.

Ulisema Pundanhar, sasa Mtwara. Ufuta mwaka huu umevunwa mapema?

Mwanao,
Haula

*

Mocímboa da Praia, 17 Oktoba 2012

Kwa Haula,

Sikuulizi hali. Mimi ni mzima wa mwili. Kanga yako ipo kwenye sanduku ilivyokunjwa, sijaifunga.

Mbau ina fundi redio mmoja. Ulijua? Anaitwa Sadique, mwana wa Awa. Wiki moja baada ya mkutano wenu wa Pemba, gari la walinzi wa kampuni na gari la polisi yalisimama mbele ya meza yake. Hawakuuliza njia. Walimvunja vidole vya mkono wa kulia ili aseme masanduku mengine yako wapi, na hakuna masanduku mengine, yalirudi yote. Sasa yuko ndani hapa Mocímboa, na anapelekewa chakula na mama yake.

Awa alikuja kwangu. Mimi ndiye ninayemshonea, hana mtu mwingine mjini. Alikaa kwenye mkeka wangu, akanywa chai yangu, akanisimulia. Polisi alimwambia hivi: "Usitulaumu sie, mama. Imeandikwa kwenye kitabu cha msomi. Fundi wa redio wa Mbau, mke kamwacha." Akaniuliza, "Mwanawetu, nani kamjua mwanangu mpaka kukimbiwa na mke?" Nilimwongezea sukari kwenye chai. Sikupata kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

Kutoka kwangu alikwenda kwa Shehe Atumane. Ijumaa iliyopita imetangazwa. Imepotea heshima ya Sadique bin Rachide wa Mbau, aliyeiuza airudishe. Shehe ameongeza muda, kwa kuwa muuzaji huenda yuko mbali na habari ichelewe kumfikia. Mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Isiporudi, inasomwa. Mimi nilikuwa upande wa wanawake nyuma ya pazia, nikasikia kila neno.

Uliandika wewe. Kwa mkono wangu nilikuambia yakae humu, na wewe ukayageuza Kireno ukayavisha jalada zuri. Sasa niambie, hiyo albadiri itamwangukia nani?

Mwanawetu

*

Maputo, 6 Novemba 2012

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa herufi zako. Mkono umekuwa mgumu, tangu siku za fimbo yako sijaziandika, utavumilia. Barua hii ikifunguliwa njiani, afadhali wasione chochote.

Najibu maneno yako mawili. Anayelipia ni kampuni ya ulinzi inayolinda kambi za gesi. Inamlipa Doutor Inácio, naye ananilipia chumba na ada. Nilijua tangu mwezi wa tano. Barua zako nilizitafsiri mimi mwenyewe, zote mbili, ya Aprili na ya Julai, nikazikabidhi kama ushahidi wa utafiti. Nilifuta jina lako. Nilidhani kufuta jina kunatosha, ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo nilivyotaka kuamini. Wewe uliniambia kwamba hayo matatu ni jina, nami nilisoma sentensi hiyo nikageuza ukurasa. Naona aibu mpaka siwezi kula.

Ila na mimi nina la kukuuliza, shangazi. Fundi redio ulimtoa wapi?

Pemba, baada ya mimi kusoma ile sura na watu kupiga makofi, tulitoka kunywa chai. Faustino alikuwepo. Akanijia anacheka. Akasema, "Dada, umesoma vizuri, ila kitu kimoja kinanishinda. Waya ulirudi umekunjwa kwa namba nane, mzunguko mmoja juu, mmoja chini, kama tunavyowafundisha vibarua wetu kambini ili usijisokote. Huyo fundi redio alijifunzia wapi?" Kisha akaniuliza kama Muzamil wa Mwanawetu ni ndugu yangu, maana hakuna kibarua aliyekunja waya kama yeye, na aliachishwa siku chache kabla ya wizi. Nikasema ndiyo, ni ndugu yangu. Nikasema yuko Mtwara. Faustino akanywa chai yake, hakusema zaidi. Naona yeye ameshika desturi kuliko mimi.

Basi nilijua kuanzia pale, mwezi wa tisa, kabla magari hayajafika Mbau. Ningeweza kurudi ukumbini nikasema kisa kile kina kasoro. Sikurudi. Nilimfikiria Muzamil, na nilifikiria mestrado yangu, na sitakudanganya nilianza na kipi. Aliyejua akanyamaza, uliandika. Tuko wawili.

Juzi nimekwenda kwa Doutor Inácio nikamwomba ukurasa ule uondolewe. Hakufoka. Alisema ripoti imeshagawiwa, na mtafiti habadilishi ushahidi kwa sababu matokeo yamemhuzunisha. Mwenye kusema akilikana neno lake, hapo ni jambo jingine. Kisha akanieleza kazi ya mwakani. Mtindo umegeuka tena. Wanataka vijana wa msikiti mpya: wanasali wapi, nani anawafundisha, wanavuka mpaka na nani. Amesema mimi ndiye ninayefaa kwa kuwa nina watu huko.

Ukilikana neno, watakuuliza, kama si yeye ni nani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Siwezi kukuambia umtoe mwanao. Siwezi pia kusema Sadique akae ndani na vidole vilivyovunjika. Niambie nifanye nini, nami nitafanya.

Haula

*

Mocímboa da Praia, 1 Desemba 2012

Kwa Haula binti wa kaka yangu, na kwa kila atakayeifungua njiani,

Nimeandika kwa herufi za kizungu. Zinanichosha, zimepinda, nilitumia siku mbili. Nimetaka mwalimu wako asome bila wewe kumtafsiria, na polisi asome, na anayebandika bahasha asome pia asipate taabu. Kama Kiswahili hawajui, watu wa kuwasomea wapo wengi.

Barua yako ilinifikia. Sitajibu yote yaliyomo. Habari za watoto wangu siandiki safari hii, unajua sababu, na atakayeuliza atauliza bure.

Nilikaa nikiwaza nitakirudishaje. Kichwa cha cherehani unakifunga mkekani, unakiweka kizingitini watu wamelala, unarudi kitandani kwako, na hakuna mtu anayekujua. Neno huwezi. Nililigeuza kila upande, nikaona hakuna njia isipokuwa mdomo, tena mchana.

Jana Ijumaa nilikwenda. Nilisubiri wanaume watoke, nikasimama kwenye kizingiti, mahali ambapo mwanamke hasimami. Shehe Atumane alikuwa bado hajavaa viatu. Awa alikuwa kando ya kisima. Nikasema kwa sauti, "Mimi Mwanawetu binti Chamsudine ndiye niliyesema fundi redio wa Mbau. Sikumwona akiiba. Sikuambiwa na mtu. Nilimtoa kichwani mwangu ili niachwe na maswali, na nilimtoa yeye kwa kuwa aliwahi kunitengenezea redio nikamkumbuka. Hakuiba. Naurudisha uongo wangu, msinisomee."

Awa alikuja karibu, akaniuliza neno moja tu.

"Siku ile ya chai, ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alivua lile gauni nililomshonea la sikukuu, alikuwa amelivaa juu ya jingine, akaliweka chini miguuni pangu, akaondoka. Nimelileta nyumbani, lipo kitini, siwezi kuliondoa wala kulitazama.

Kutoka hapo nilikwenda kituo cha polisi, Shehe akanisindikiza. Nikayasema yale yale kwa komandanti, mkuu wa kituo. Akaniuliza, "Basi mwizi ni nani?" Nikamjibu, "Vitu vilirudi kabla ya Ijumaa." Akauliza tena, na tena, akapiga meza. Nikamjibu vile vile. Kwetu ndiyo jibu, na sina jingine, na hata nikilazwa ndani sitakuwa na jingine. Ameniamuru niripoti kila Jumatatu.

Lakini Sadique hakumtoa. Amesema kitabu cha chuo hakifutwi na bibi mshonaji aliyekuja na shehe. Bibi huyo anaweza kuwa amepewa kitu na familia ya kijana, amesema. Aje aliyekiandika, asimame mbele yake, aseme kwamba aliyoyaandika si kweli na ni yeye aliyeyaandika. Akisema hivyo, kijana anatoka siku hiyo hiyo. Alisema mbele ya Shehe, kwa hiyo hawezi kugeuka.

Najua utakachopoteza. Chumba, ada, jina zuri kwa mwalimu, miaka yako. Nilikushonea sare za shule mimi, najua kila mshono wa njia hiyo. Nalia nikiandika haya na sioni haya kukuambia nalia. Uliniomba nikuambie ufanye nini, na nimekuambia.

Ile kazi ya mwakani, uliniambia mwalimu alivyosema, hukuniambia wewe ulimjibu nini. Usinijibu kwa barua.

Shehe alitaka kulifunga shauri jana, kwa kuwa neno limerudi. Awa alikataa. Amesema limerudi nusu, walioliuza walikuwa wawili, na amekuja mmoja. Wamekubaliana kungoja mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, na msikiti mzima umesikia kwamba anayengojwa ni aliyeandika kitabu, yaani wewe.

Machimbombo, yale mabasi ya safari ndefu, yanatoka Maputo, unayajua. Njoo, mwanangu. Nitakuwa nimesimama pale kizingitini, usije ukafika ukasimama peke yako.

Shangazi yako,
Mwanawetu binti Chamsudine